Kilo 62 za mwaka jana

SWALI: Daktari, mama yangu ana umri wa miaka 58 na husafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne. Tangu Machi mwaka jana faili lake limeandikwa uzito mkavu wa kilo 62, yaani uzito anaopaswa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa. Kwa kawaida hufika akiwa na kilo 65 na nusu, hutolewa lita tatu na nusu, na katika saa ya mwisho misuli ya miguu humkaza hadi akalia, presha hushuka, naye hutundikiwa dripu. Muuguzi mmoja ametuambia kwamba anakaushwa kupita kiasi, hivyo uzito huo upandishwe. Lakini nyumbani, hasa usiku wa Jumapili, mama hulala ameegemea mito mitatu kwa kubanwa pumzi. Mwezi Juni alilazwa wiki mbili kwa homa ya mapafu, na tangu hapo hali chakula vizuri. Je, mtu anaweza kukauka na kujaa maji kwa wakati mmoja?
Binti wa mgonjwa, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuuguza. Ndiyo, inawezekana kabisa, kwa sababu mashine haichoti maji miguuni wala mapafuni. Huyachota ndani ya mishipa ya damu tu, kisha maji yaliyotuama katika nyama za mwili hujongea taratibu kuziba pengo. Mashine ikichota kwa haraka kuliko yanavyojongea, mishipa hupwaya kwa muda, presha huanguka na misuli hukaza, ilhali mapafu bado yana maji.

Tupige hesabu ya mama. Mililita 3,500 ukizigawa kwa kilo 62, kisha kwa saa nne, unapata mililita 14 na ushei kwa kila kilo kwa saa. Madaktari wengi wa figo hawapendi kuvuka mililita 13, kwa kuwa tafiti zimeihusisha kasi ya juu ya hapo na vifo vingi zaidi. Kwa uzito wake na saa zake nne, kikomo hicho ni takriban lita 3.2. Kwa hiyo huenda miguu yake inalalamikia kasi, wala si kilo 62. Ukipandisha uzito, maumivu yatapungua, lakini maji yatabaki ndani na mito itaongezeka. Afadhali kuomba muda urefushwe, au awamu ya tatu ya wiki ikiwezekana, ingawa najua gharama yake. Usiku wa Jumapili unamwelemea kwa sababu ndio mwisho wa siku tatu bila mashine.

Kilichonishtua zaidi katika barua yako ni mwezi Juni. Uzito mkavu ni ule ambao mgonjwa hubaki nao maji ya ziada yakishatoka, akiwa hajavimba, anapumua vizuri na presha imetulia. Nao hubadilika kadiri mwili unavyobadilika. Mizani haitofautishi nyama na maji. Kama homa ile ilimla mama kilo mbili za nyama, basi akishuka kwenye mashine na kilo 62 faili litasema amefika, kumbe kilo mbili kati ya hizo ni maji. Tazama mabega na mikono yake: je, gauni la mwaka jana linampwaya juu huku viatu vikimbana? Kinyume chake pia hutokea. Mgonjwa aliyerudiwa na hamu ya kula hunenepa, na asipopandishiwa uzito hukaushwa kweli.

Asikwambie mtu kwamba hana maji kwa sababu tu miguu haijavimba. Mwili wa mtu mzima unaweza kuficha lita kadhaa kabla ukibonyeza kifundo cha mguu kibaki kishimo, na kwa anayelala sana uvimbe hujikusanya kiunoni. Daktari atatazama mishipa ya shingo, atasikiliza mapafu, atalinganisha presha ya kabla, ya baada na ya nyumbani, na palipo na vifaa atapiga ultrasaundi ya mapafu au kupima maji ya mwili kwa umeme hafifu. Hakuna kipimo kimoja kati ya hivyo kinachotosha peke yake. Kwa mama ningetaka pia moyo upimwe, kwani moyo dhaifu huleta dalili hizi hizi, na mapafu yaliyougua yachunguzwe upya.

Ikithibitika kwamba ana maji, uzito hushushwa kidogo kidogo, pengine nusu kilo au pungufu kila awamu, muda ukiwa umerefushwa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kupunguza takriban kilo moja tu kulishusha presha ya juu kwa karibu alama 7 katika wiki nane. Presha huweza kuendelea kushuka kwa wiki kadhaa, kwa hiyo dawa zake zitazamwe upya na daktari, msizipunguze wenyewe.

Nyumbani, familia nyingi huhesabu vikombe vya maji na kuisahau chumvi. Gramu 9 za chumvi hushikilia karibu lita nzima, na kiu haibembelezeki. Dagaa wakavu, ng'onda na viungo vya mchuzi vya pakiti ndiko inakojificha. Chumvi mbadala za dukani msiziguse, maana nyingi zina potasiamu, ambayo kwake ni hatari kwa moyo. Apimwe kwenye mizani ile ile, bila viatu, na kanga aliyojifunika iwekwe kando. Chai na chapati anazokula akiwa mashineni, pamoja na ile dripu, nazo ni uzito, ziingizwe kwenye hesabu.

Jumatatu muombe daktari aupitie upya uzito huo mbele yenu, ukimtajia Juni na mito mitatu. Lakini akishindwa kupumua hata akiwa ameketi, mpelekeni hospitali usiku huo huo, msisubiri Jumatatu.