Mpira wa Mkojo Ukigoma Kutoka

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu wazee wenu waliowekewa mpira wa mkojo. Swali la kwanza nalijibu kwa kirefu, maana ndilo lenye hatari.

Dokta, nesi alikuja kumtoa baba mpira. Alivuta maji kwa sirinji, hayakutoka. Jirani anasema tuukate kwa mkasi, maji yatamwagika yenyewe. Ni sawa?

Hapana. Msiukate wala msiuvute. Mpira unashikiliwa kibofuni na puto dogo lenye maji, mara nyingi mililita 10. Ukivuta puto likiwa limejaa, unachana njia ya mkojo, na kovu lake laweza kuiziba baadaye. Ukikata, kipande kilichobaki chaweza kuteleza ndani na puto lake. Jirani ana huruma, lakini mkasi aurudishe kwake.

Mpelekeni hospitali. Huko watajaribu sirinji nyingine, wakiiacha imechomekwa ili maji yatoke polepole. Kuvuta kwa nguvu hufanya kijia cha ndani ya mpira, kinachopitisha maji ya puto, kinywee na kujifunga. Pengine wataongeza mililita 1 au 2 kuzibua. Ikishindikana, daktari huweza kukata vali (kizibo cha mdomo wa kujazia puto) huku mpira umedhibitiwa usiteleze ndani, kupitisha waya mwembamba kwenye kijia hicho, au kulitoboa puto kwa sindano kupitia tumboni akiongozwa na ultrasaundi. Wapo wanaolijaza puto mpaka lipasuke. Mimi siipendi njia hiyo: vipande hubaki kibofuni na mawe huanza kujijenga juu yake.

Maji ya puto yametoka yote, mpira bado umenata. Kwa nini?

Huenda umeota magamba. Bakteria kama Proteus huvunja urea kuwa amonia, mkojo unapoteza asidi, na chumvi zinaganda kwenye ncha ya mpira. Hapo daktari wa mkojo ndiye wa kuamua, pengine baada ya picha. Mpira wa silikoni una kisa chake pia: puto likinywea hujikunja na kufanya ukingo unaokwama. Nesi akirudisha maji kidogo, kama nusu mililita, mara nyingi hunyooka.

Mama ana mpira wa kawaida tangu miezi minne iliyopita. Unakaa muda gani?

Umepitiliza. Wa lateksi ya kawaida hubadilishwa ndani ya wiki 4 hivi, wa silikoni hadi wiki 12. Mpelekeni wiki hii, bila kungoja uzibe. Mkojo ukikata huku tumbo la chini limejaa na linauma, au akipata homa na kutetemeka, ni usiku huohuo.

Puto linaweza kujazwa maji ya dripu?

Tumieni maji safi yasiyo na vijidudu wala chumvi. Chumvi ya dripu yaweza kuganda ndani ya kijia, na siku ya kuutoa mpira mkarudi kwenye swali la kwanza.