Ukiuza bunduki yako moja, umekuwa mfanyabiashara? Maswali ya wasomaji walioko Marekani

*Nilikwenda maonyesho ya bunduki hapa Texas. Meza moja wanataka nijaze fomu, meza ya jirani jamaa anataka pesa tu. Imekaaje hiyo? (Msomaji, Houston)*

Meza ya kwanza ni ya mwenye leseni ya serikali ya shirikisho. Fomu hiyo ni namba 4473, na ukishaijaza anauliza mfumo wa FBI uitwao NICS, unaofanya kazi tangu 1998, kama sheria inakuzuia kumiliki silaha. Jamaa wa pili, ikiwa kweli ni mtu binafsi anayepunguza vitu vyake, sheria ya shirikisho haimlazimishi kukukagua. California na Colorado zinalazimisha; Texas hapana. Ila hata kwake ni kosa kumuuzia mtu ikiwa anajua, au ana sababu ya kuamini, kwamba mtu huyo amezuiwa.

*Hiyo kanuni ya 2024 ya nani ahesabiwe mfanyabiashara wa bunduki anayehitaji leseni, iliyoburutwa mahakamani, ilibadilisha nini hasa?*

Chukulia mitumba. Ukiuza magauni yako matatu kwa kuwa hayakutoshi tena, hakuna atakayekuita muuza mitumba. Ukifungua belo kila Jumamosi, tumeshakujua. Kesi zote hizi zinamhusu yule wa katikati.

Sheria ya 1986 ilimtambua mfanyabiashara wa bunduki kwa lengo lake kuu: riziki na faida. Juni 2022, mwezi mmoja baada ya mauaji ya shuleni Uvalde, Bunge likaondoa riziki na kubakiza nia ya kupata faida. Shirika linalosimamia silaha, ATF, likatunga kanuni ya kufafanua maneno hayo, ianze Mei 20, 2024. Kanuni inasema hakuna idadi maalumu ya bunduki inayomfanya mtu mfanyabiashara. Hata kuuza moja kunaweza kutosha, kukiwa na ushahidi mwingine. Tena ukiwa mtu wa kununua na kuuza, kununua na kuuza, kila mara ndani ya siku 30, unahesabiwa mfanyabiashara mpaka uoneshe vinginevyo. Dhana hiyo ni ya mashauri ya madai na ya kiutawala, si ya jinai, jambo ambalo wapigaji kelele wa pande zote mbili hulisahau.

*Nani walishtaki, na walishinda?*

Texas, pamoja na Louisiana, Mississippi na Utah, wakiwa na chama cha Gun Owners of America na wenzao. Jaji Matthew Kacsmaryk wa mahakama ya shirikisho mjini Amarillo aliweka zuio Jumapili ya Mei 19, siku moja kabla kanuni haijaanza, kisha Juni 11 akaweka zuio la awali la kukaa hadi kesi iamuliwe. Hoja yake: kanuni inamtaka mwenye bunduki athibitishe kwamba hana hatia, badala ya serikali kuthibitisha kwamba anayo. Kansas na majimbo mengine walifungua kesi yao, Florida nayo ikaenda peke yake.

Zuio hilo liliwakinga walalamikaji tu. Aliye nje ya majimbo hayo na vyama hivyo halikumgusa. Kwangu mimi jaji ana hoja nzito kwenye suala la dhana. Lakini sentensi ya 2022 iliandikwa na Bunge, na hakuna ubishi kwamba ilipanua wigo.

*Trump si alishaifuta?*

Februari 7, 2025 alimwagiza Mwanasheria Mkuu azipitie kanuni za silaha za utawala uliopita. Agizo hilo lenyewe halikufuta kanuni, na sheria ya Bunge rais haifuti kwa kalamu yake.

*Mimi niko Texas, binamu yangu yuko Ohio. Naweza kumuuzia bastola yangu?*

Mkononi, hapana, ndugu yangu. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na leseni kumhamishia silaha mkazi wa jimbo jingine, hata ukimpa bure. Urithi una nafuu yake. Udugu hauhesabiki. Bastola ipitie kwa muuzaji mwenye leseni huko Ohio, na binamu, akiwa ametimiza miaka 21, ajaze 4473 palepale dukani. Muuzaji atadai ada yake, kwa hiyo mwelewane mapema nani analipa.