Fundi Husoma Mtaa Kabla ya Kuisoma Nyumba

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji mmoja. Ana nyumba ya urithi Upanga, hapa Dar es Salaam, ya ghorofa moja, anataka kubadilisha paa, vyoo viwili na sakafu. Fundi alifika, akazunguka dakika ishirini, akataja milioni 58, nusu itangulie. "Dada, hii bei ni ya kweli au napigwa?" Usingizi ulinipaa. Mwaka 2021 swali hilo lilikuwa langu, na sikuwa na wa kumuuliza.

Nyumba yetu iko Mikocheni. Baba alipewa kiwanja akiwa mtumishi wa serikali, akajenga kidogokidogo kwa mshahara. Leo kushoto kwetu kuna apartimenti za kupangisha kwa dola na kulia geti linajifungua lenyewe. Sisi wa ndani hatujabadilika. Mama ni mstaafu, watoto tuko wanne, wote wa mishahara ya kawaida. Lakini fundi akishuka kwenye bajaji anaiona mitaa, haioni mishahara yetu.

Bati zilikuwa zimeliwa na kutu, maana hewa ya bahari haina huruma na bati wala nondo. Mabomba ya chuma yalikuwa yameziba, kuta za choo zinatoka chumvi. Tukachanga, na mimi nikawa mweka hazina wa familia. Fundi nilimpata kupitia jirani. Aliongea vizuri, akamwamkia mama kwa adabu, akapima kwa macho, akasema milioni 31. Nikabembeleza mpaka ikashuka 27, nikarudi ndani najiona mshindi. Milioni nne! Nilimpigia dada yangu kumpa habari njema. Leo najua nilipunguziwa bei iliyookotwa hewani. Siku ile hakuna aliyeshika futikamba, si yeye si mimi.

Nilimtumia milioni 14 kwa simu, ndani ya siku mbili. Akaezua paa wiki ya kwanza ya Machi, na kila anayeishi Dar anajua Machi inaleta nini. Siku ya nne mafundi sita wakawa wawili. Kisha akabaki kijana mmoja wa kulinda mbao. Nikipiga simu naambiwa, "Bosi, niko njiani." Baadaye tulijua alikuwa ameshika kazi nyingine Mbweni, na hela yetu ndiyo iliyoanzisha kazi ile.

Mvua ikaja usiku. Tuliburuta makochi, tukafunika magodoro kwa turubai, lakini kabati la mama hatukuliwahi. Picha za ndoa yao na marehemu baba zililoa zikashikana. Kesho yake mama alikaa uani anazibandua na kuzianika juani moja moja, hakusema neno. Angenigombeza ningepumua. Ukimya ule mpaka leo unanibana kifua.

Kisha kaka yetu mkubwa akaandika kwenye grupu la familia: "Hesabu ya hela zetu iko wapi?" Sikuwa na mkataba wala risiti, nilikuwa na jumbe za miamala tu. Hakuna ndugu aliyenitetea. Tulimpeleka fundi ofisi ya serikali ya mtaa, akaandika ahadi, akarudisha milioni mbili kwa mafungu, akapotea. Tuliezeka kwa mkopo. Miaka miwili iliyofuata sina la kuwasimulia, tuliishi hivyohivyo na vyoo vibovu.

Mwaka 2024 nikaanza upya, na safari hii nilianzia dukani, nikanunua futikamba na daftari gumu. Sebule yetu ni mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20. Boksi la marumaru za sentimita 60 kwa 60 lina vipande vinne, ambavyo ni mita za mraba 1.44. Boksi 14 zinaenea sakafu. Ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, nunua 16. Fundi wa kwanza kuja aliniambia 24. Sikubishana naye, nilimfungulia ukurasa. Akautazama, akaniuliza, "Mama, kumbe wewe ni injinia?" Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Hesabu ile nawafundisha watoto, na siku ile nilijisikia fahari ambayo sikuwa nayo tangu usiku wa mvua.

Boksi nane za ziada zingekwenda wapi, mnajua. Fundi ana duka lake analolijua, na cha juu chake kipo palepale.

Kisha nikafanya jambo ambalo nawasihi nyote mlifanye. Niliandika kazi yote kwa vipimo: mita ngapi za marumaru, mita ngapi za lipu, masinki mangapi, milango mingapi. Nikawatumia mafundi wanne orodha hiyo kwa simu, bila kutaja mtaa, na vifaa nikasema nitanunua mwenyewe. Bei za ufundi zilirudi kati ya milioni 5.2 na 6.4. Wa tano alikuja nyumbani moja kwa moja, hakutaka orodha, akaangalia geti la jirani, akasema 11. Kazi ilikuwa ileile.

Lakini tusiwaonee mafundi. Sehemu ya bei ya huku ni halali. Niliyemchagua alikuwa anatoka Mbagala, mabasi mawili kuja na mawili kurudi, yeye na vijana wake. Huku mama ntilie wa karibu hakuna, chakula ni cha mgahawa. Kifusi huwezi kukimwaga popote, na mchanga ukilala barabarani jirani analalamika. Gharama hizo zipo kweli, kwa hiyo zitoe kwenye bei ya fundi uzishughulikie mwenyewe. Mimi nilimlipa binti wa kupika ugali na maharage palepale uani. Vijana wakala wakashiba, wakarudi kazini bila kupotea saa nzima. Kifusi nilitangaza kwenye grupu la mtaa, na mwenye kiwanja bondeni akaja na Canter yake akakizoa bure, akashukuru. Fundi alikuwa ameniwekea laki tatu za kukitoa.

Mahali pesa inapovuja hasa ni kwenye maneno haya: "Mama, kwa kuwa tumeshafungua..." Kwa kuwa tumeshafungua ukuta, tubadilishe na nyaya. Kwa kuwa tumeshang'oa sinki, tuhamishe bomba. Kila moja laki mbili, laki tatu, na kila moja ina sababu ya maana. Ndiyo maana hukatai. Mwaka 2021 nilikubali saba kwa mdomo. Safari hii niliandika sharti kwenye mkataba: kazi ya nyongeza haianzi mpaka iandikwe daftarini, vipimo na bei, tutie sahihi wote wawili, na ilale usiku mmoja. Usiku mmoja tu! Kati ya nyongeza tisa alizoleta, asubuhi nilikubali tatu. Moja ilikuwa ya lazima kabisa, bomba lililooza chini ya jiko, na namshukuru kwa kuliona.

Malipo nayo niliyafunga kwenye kazi iliyokwisha. Hela ya kuanzia ilikuwa nauli na chakula cha wiki moja, basi. Choo kikikamilika, tunamwaga maji, tunatazama yanakimbilia wapi, nalipa cha choo. Sikuchelewesha hata siku moja. Ndugu zangu, huwezi kumkaba fundi bei halafu ukamzungusha siku ya malipo, hiyo ni dhuluma, na atakulipiza kwenye saruji. Mlipe haki yake, mlipe kwa wakati, lakini mlipe kwa alichokimaliza. Pima, andika, lipa kilichokwisha. Nitalirudia hili mpaka mnichoke, kwa sababu nimeona kutolifanya kunavyogombanisha ndugu wa tumbo moja.

Kaka yule wa grupu aliomba daftari langu mwezi uliopita. Anakarabati Mbezi Beach. Nilimpa. Hakuomba radhi, nami sikumdai, ila nilimwonyesha ukurasa wa mwisho: milioni 19 na ushee kwa kazi yote, vifaa na ufundi, na kila risiti imebandikwa.

Sasa dada wa Upanga, kwako. Nyumba ya ghorofa si kazi ya kumwachia fundi wa mtaani kama kuna ukuta utavunjwa au nguzo itaguswa. Tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Wako wa madaraja saba, na kazi ya ukubwa wako haimhitaji wa daraja la kwanza, ambaye gharama zake ni za kujenga maghorofa. Kibali cha halmashauri kishughulikie kabla nyundo haijagonga. Uliza kama bei ina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ndani yake, maana asilimia 18 ikija kudaiwa mwishoni itakuumiza. Na kwenye mkataba zuia asilimia 10 ya malipo mpaka paa lipigwe na masika nzima. Aliye na uhakika na kazi yake atalikubali.

Huyo wa milioni 58 usimfukuze. Mwambie akupe mchanganuo: mita ngapi za paa, boksi ngapi za marumaru, ufundi kiasi gani. Akikuletea, nitumie pamoja na vipimo ulivyopima wewe mwenyewe kwa mkono wako, tutakaa navyo Jumamosi. Mpaka hapo usitume hata shilingi.