Edita haipendekezi pakeji jirani, ila nikiiandika kwa mkono inafanya kazi

Swali: Habari za kazi, kaka. Nina repo moja (hifadhi ya msimbo) ya lugha ya TypeScript yenye apps/web, packages/ui na packages/pesa, zote chini ya pnpm, chombo kinachosimamia pakeji. Nikiwa ndani ya apps/web nikaandika formatiBei, ambayo iko kwenye pesa, edita yangu, VS Code, hainiletei pendekezo lolote. Nikiandika import (mstari wa kuiita pakeji) ya "@duka/pesa" kwa mkono inakubali, na kuanzia hapo mapendekezo yanakuja. Nikiufuta ule mstari, yanapotea tena. Kwa upande wa ui, ninaletewa ../../../packages/ui/src/Button. Nimeshafuta node_modules, folda ya pakeji zilizosakinishwa, mara nne. Nimeambatisha package.json ya web, faili linaloorodhesha pakeji inazozitegemea.

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Node_modules iache, haina kosa. Umeona mwenyewe kwamba mapendekezo yanakuja baada ya import ya kwanza na kuondoka nayo. Dalili hiyo inatosha kutufikisha kwenye tatizo.

Mapendekezo hayo yanatoka kwenye seva ya TypeScript inayofanya kazi nyuma ya VS Code. Seva hiyo haizunguki repo nzima ikikusanya majina. Inayajua mafaili ya mradi uliomo, pamoja na chochote ambacho mafaili hayo yameshakiita. Tangu TypeScript 4.0, mwaka 2020, inasoma pia package.json na kuchungulia pakeji zilizotajwa humo hata kabla hujaziita, ila inaangalia dependencies (zinazohitajika programu ikifanya kazi) na peerDependencies (zinazotarajiwa kuwekwa na anayeitumia pakeji) tu. Za devDependencies, yaani za wakati wa kutengeneza tu, inazipita.

Sasa fungua package.json uliyonitumia. "@duka/pesa": "workspace:*" iko chini ya devDependencies. pnpm imeiunganisha vizuri, ndiyo maana import ya mkono inafanya kazi, lakini seva haina sababu ya kuichungulia mpaka faili mojawapo liiite. Ihamishie dependencies, endesha pnpm install, kisha bonyeza Ctrl+Shift+P uchague "TypeScript: Restart TS Server". Na hapo ndipo mahali pake hata bila habari ya edita, kwa sababu msimbo wa web unaitumia pesa kazini, si wakati wa kujenga tu.

Kama bado kimya, angalia mpangilio wa typescript.preferences.includePackageJsonAutoImports. Ukiwa kwenye "auto", seva inaweza kuacha kuchungulia pakeji zikiwa nyingi, kwa kuogopa kuwa nzito. Weka "on".

Kuhusu ui, tafuta ndani ya apps/web maneno "../packages/ui". Nina hakika kuna faili moja, pengine la zamani, lililoingia kwa njia hiyo. Mtu mmoja akishapita hapo, chanzo cha ui kinahesabika kuwa sehemu ya mradi wa web, na seva inaanza kukuelekeza kwenye njia ileile. Sahihisha mistari hiyo yote, kisha weka typescript.preferences.importModuleSpecifier iwe "project-relative". Ndani ya web utaendelea kupata njia fupi za ./ na ../, lakini ukivuka mpaka wa pakeji utapewa jina lake, "@duka/ui". Hakikisha tu kwamba ui nayo imetajwa kwenye dependencies na kwamba Button inatolewa nje na index.ts yake. Kisichopita kwenye exports za pakeji hakina jina la kuitwa kutoka nje, kwa hiyo seva inabaki na njia ndefu peke yake.

Jambo jingine ambalo litakukuta siku mwenzako atakapo-clone repo hii: kama "types" ndani ya package.json ya pesa inaelekeza ./dist/index.d.ts, faili linalozaliwa pakeji ikijengwa, na folda ya dist imo kwenye .gitignore (orodha ya visivyohifadhiwa kwenye repo), kwake hakutakuwa na kitu cha kupendekezwa mpaka ajenge kwanza. Niliwahi kupoteza siku nzima kwa hili, mimi nikiona mapendekezo na mwenzangu wa meza ya pili haoni, faili kwa faili tuko sawa. Dawa ninayoiamini ni kuweka "composite": true, inayoruhusu mradi kutajwa na mwingine, kwenye tsconfig.json (faili la mipangilio ya TypeScript) ya pesa, na kuitaja pesa kwenye "references" za tsconfig.json ya web. Tangu TypeScript 3.7, edita ikikuta mpango huo inasoma chanzo moja kwa moja hata dist isipokuwepo.

Ukimaliza yote haya na jina bado halitokei, fungua faili husika uendeshe "TypeScript: Go to Project Configuration". Itakufungulia tsconfig.json inayolimiliki faili hilo. Ikisema halimo kwenye mradi wowote, au ikifungua ile ya juu kabisa ya repo badala ya ya web, basi "include", orodha ya mafaili ya mradi ndani ya tsconfig.json, ndiyo ya kurekebisha. Nitumie hiyo tsconfig.json tuiangalie pamoja.