Kabla ya Kufungua Chupa ya Soda Kostiki: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Maabara Lubumbashi

Katika maabara za Lubumbashi ambako sampuli za shaba na kobalti hupimwa, kijana anayeanza kazi hufundishwa mapema kuihofu asidi ya sulfuriki, na ni haki aihofu. Linalonihangaisha ni kwamba kijana huyo huyo, akikabidhiwa chupa ya soda kostiki (hidroksidi ya sodiamu, ambayo hapa nitaiita soda tu), huishika kana kwamba ni chumvi ya jikoni, kwa kuwa haitoi moshi, haina harufu, na punje zake nyeupe zinaonekana hazina neno. Nimefanya kazi kwa miaka mingi na wanafunzi na mafundi wa maabara katika mji huu, na msimamo wangu ni kwamba besi kali, yaani kemikali zilizo kinyume cha asidi, kama soda hii, zinastahili uangalifu mkubwa kuliko asidi nyingi tunazotumia, hasa pale macho yanapohusika.

Asidi ikigusa ngozi huuma papo hapo, na protini za ngozi huganda na kufanya ukoko ambao kwa kiasi fulani huizuia isizame zaidi. Soda haiachi ukoko wa namna hiyo. Huyeyusha protini, na mafuta ya mwili huyageuza kuwa sabuni kwa njia ile ile inayogeuza mawese katika sufuria za akina mama wanaotengeneza sabuni mitaani, na hivyo huendelea kupenya ndani hata baada ya mtu kudhani amekwisha kujipangusa. Tena maumivu yanaweza kuchelewa. Mwanafunzi mmoja aliyerushiwa matone mkononi aliniambia, "Yaya (mkubwa wangu), haiumi, inateleza tu," akataka kurudi kwenye mizani yake. Utelezi ule ulikuwa ni ngozi yake inayoanza kuliwa. Tulipomvua glavu na saa tuliona kwamba tone moja lilikuwa limejificha chini ya mkanda wa saa, na ngozi ya mahali pale ilikuwa tayari imekuwa nyeupe na laini, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amehisi kitu. Tangu siku hiyo saa, pete na bangili huvuliwa mlangoni.

Kwa sababu mwili hautoi onyo la mapema, kinga lazima iandaliwe kabla, na kinga ya kwanza ni maji. Kipimo kinachotumika kimataifa kwa kuoshea macho ni angalau lita 1.5 kwa dakika, kwa muda usiopungua dakika 15, yaani karibu lita 23. Bidoni moja la lita 20 halitoshi. Katika mji ambao bomba linaweza kukauka asubuhi bila taarifa, ninashauri maabara isiyo na tangi lake iweke mabidoni mawili au matatu ya maji safi juu ya meza imara, yenye koki na mpira mfupi utakaotoa maji kwa utaratibu, na yaandikwe wazi kwamba si ya kupigia deki. Maji hayo yabadilishwe kila wiki. Kama bomba ni kavu na mabidoni ni matupu, chupa ya soda isifunguliwe siku hiyo, hata kama mkubwa wa kazi anasubiri matokeo.

Soda ikiingia jichoni, usimwache mwenzako ajioshe peke yake, kwa maana atafumba jicho bila kutaka. Mshike kope kwa vidole, zifungue, mwambie azungushe jicho pande zote huku maji yakipita, na kama amevaa lenzi za macho, zitolewe wakati uoshaji unaendelea. Dakika 15 ni mwanzo tu. Kwa besi kali ni afadhali kufika nusu saa au zaidi, na kuendelea kuosha hata garini njiani kwenda hospitali, ambako daktari atapima kama uso wa jicho umerudi katika hali ya kawaida. Chukueni pia kibandiko cha chupa au jina la kemikali limeandikwa karatasini. Kwenye ngozi, vua nguo zilizolowa, osha kwa maji mengi, na usipake siki wala ndimu kwa nia ya kuizima soda, kwa sababu mgongano huo hutoa joto na kukupotezea dakika zenye thamani. Mtu akiimeza, asukutue kinywa, asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja. Chokaa isiyozimwa, ambayo nayo huwa besi kali ikikutana na maji, ina kanuni yake: unga mkavu upanguswe kwanza kwa brashi, ndipo maji mengi yafuate, kwa kuwa maji kidogo yataipasha moto juu ya ngozi.

Kazi inayoleta ajali nyingi ni kuyeyusha punje. Kila moli ya soda, yaani gramu 40, inapoyeyuka hutoa karibu kilojuli 44 za joto. Ukitengeneza lita moja ya mchanganyiko wa moli 10, ambao unahitaji gramu 400, joto hilo linaweza kuyafikisha maji karibu na kuchemka. Kwa hiyo maji baridi yawekwe kwanza, kisha punje ziongezwe kidogo kidogo huku ukikoroga, na bika likae ndani ya beseni lenye maji na barafu. Kumwagia maji juu ya rundo la punje ni kosa lisilovumilika: punje hushikana kuwa jiwe chini, joto hujikusanya hapo, na ghafla mchanganyiko huruka usoni. Subiri upoe kabisa kabla ya kuumimina kwenye chupa ya kipimo.

Msimu wa mvua unaongeza shida nyingine. Punje moja iliyodondoka mezani hunyonya unyevu wa hewa, na baada ya muda hugeuka kuwa tone la majimaji lisilo na rangi, ambalo mtu yeyote angedhani ni maji akaliegemea kwa kiwiko. Pangusa meza kwa kitambaa chenye maji, ukiwa na glavu, kila unapomaliza kupima, hata kama huoni kitu. Mwezi wa Juni na Julai tatizo hugeuka: soda ya asilimia 50 huanza kuganda karibu na nyuzi 12, na usiku wetu wa kiangazi hushuka chini ya hapo, kwa hiyo asubuhi unaikuta chupa ina fuwele. Usiiweke juu ya jiko la umeme. Iweke katika maji ya vuguvugu, kizibo kikiwa kimelegezwa, uwe na subira.

Iwekwe katika chupa za plastiki ngumu zenye kifuniko cha kuzungusha, kwani soda hula kioo polepole na kizibo cha kioo hunasa kiasi kwamba kukifungua kwa nguvu ni hatari. Isikae katika chombo cha aluminiamu wala zinki, ambavyo hushambuliwa na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka, na iwe mbali na asidi na chumvi za amonia. Amonia yenyewe, ile ya asilimia 25 na zaidi, ifunguliwe ndani ya kabati la kunyonya mvuke tu, hasa mwezi wa Oktoba ambapo joto huijaza chupa shinikizo. Kamwe isikutane na maji ya javeli, yaani dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa sababu gesi inayotokea hudhuru mapafu.

Kuhusu mavazi nitasema machache. Miwani ya kawaida ya kusomea haikingi. Inahitajika ile inayoziba pande zote. Glavu zikaguliwe kwa kuzijaza hewa, koti liwe la pamba, viatu viwe vya kufunika mguu, na pipeti, yaani mrija wa kupimia majimaji, ivutwe kwa mpira, kamwe si kwa mdomo.

Mabaki yasimwagwe sinkini. Mengi ya kwetu yana shaba au kobalti, na mitaro ya mji huelekea kwenye mito ambayo watu hufulia na kumwagilia mboga. Yakusanye katika ndoo ya plastiki, yazime ukali kwa asidi iliyopunguzwa makali, ukiongeza taratibu na kupima hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi au besi) ifike kati ya 6 na 9, acha masimbi yatulie chini, kisha yakabidhiwe pamoja na taka za metali za maabara, yakiwa na kibandiko chenye tarehe na jina la aliyeyaweka.