Kuorodhesha Santuri na Tepu za Zamani: Andika na Ulikokipata

Wengi hudhani msaidizi katika hifadhi ya sauti hushinda anasikiliza taarabu kutwa. Kusikiliza kupo, ila huja mwishoni. Kwanza unashika, unaangalia na kuandika, na jinsi unavyoyafanya hayo ndiko kutakakoamua kama orodha yako itamfaa mtu miaka 30 ijayo.

Santuri za 78 (zinazozunguka mara 78 kwa dakika), zile nyeusi nzito, zimetengenezwa kwa sheleki, gundi inayotoka kwa wadudu. Ikikuponyoka inavunjika kama sahani. Usiifute kwa spiriti hata ikiwa imeota ukungu, kwa kuwa spiriti huyeyusha sheleki. Tumia maji yaliyokenekwa na kitambaa laini, na maji yasifike kwenye lebo. Zisimamishe wima rafuni. Na kabla ya kuicheza hakikisha sindano ni ya 78: mfereji wake ni mpana zaidi ya ule wa LP, yaani santuri za plastiki zilizokuja baadaye, kwa hiyo sindano ya LP itazama na kukwaruza chini, ukidhani santuri imekufa kumbe nzima.

Sasa washa taa, iinamishe santuri mpaka mwanga uipate kiubavu, utazame ile sehemu laini kati ya mifereji na lebo. Hapo utaona tarakimu ndogo zilizogongwa au kuchorwa. Hiyo ni namba ya matrisi, na kwangu ndiyo taarifa muhimu kuliko zote zilizomo kwenye santuri. Namba ya lebo ni ya bidhaa dukani. Namba ya matrisi ni ya upande ule, wimbo ule, mara ile uliporekodiwa. Santuri mbili zenye namba tofauti za lebo lakini matrisi moja ni rekodi ile ile iliyotolewa upya. Na kwa kuwa upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba kama dakika tatu tu, shairi refu lilikatwa likaendelea upande wa pili. Ziunganishe pande hizo katika orodha, la sivyo utakuwa na nusu mbili za wimbo ambazo hazijuani.

Tahajia ya lebo usiisahihishe. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV mwaka 1928, na kamati iliyosanifisha maandishi ya Kiswahili iliundwa 1930. Kwa hiyo usishangae kukuta majina na maneno yameandikwa kwa namna tusizozizoea. Nakili kama yalivyo, kisha weka umbo sanifu katika safu ya pili ili mtu akitafuta apate.

Hapa ndipo penye jambo ninaloling'ang'ania: kila orodha iwe na safu ya chanzo. Nimekuta orodha nyingi za zamani zinazosema “mwimbaji: fulani” na basi. Nani kasema? Lebo? Bahasha? Mtangazaji? Mtu aliyekisia? Taarifa isiyo na chanzo humfunga mikono anayekuja baadaye, maana hawezi kuithibitisha wala kuikanusha.

Kwenye tepu za redio safu hiyo ndiyo itakayokuokoa. Tepu zilikuwa ghali, zikafutwa na kurekodiwa upya, na boksi mara nyingi linasema hiki huku ndani mna kile. Andika vyote viwili. Karatasi ya mtangazaji iliyokunjwa ndani ya boksi usiitupe. Tepu ikinuka siki, itenge na nyingine na uiombee kunakiliwa mapema, kwa sababu ni ya asetati, aina ya plastiki, na imeanza kuoza. Jina la bendi nalo husaidia kupata umri: NUTA Jazz iliyoanza 1964 baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Boksi linalosema JUWATA haliwezi kuwa liliandikwa miaka ya 60, ingawa muziki uliomo huenda ni wa wakati huo.

Halafu wazee. Kwetu huja bibi mmoja aliyekuwa mwitikiaji wa taarabu ujanani. Namwamkia, namkaribisha chai, namfungulia nakala ya dijitali, na simwambii lebo imesema nini, kwa kuwa mgeni mwenye adabu huenda akakubaliana na karatasi yako. Siku moja nilimchezea upande mmoja wenye jina la mwimbaji mmoja. Ubeti wa kwanza alinyamaza. Ulipoingia wa pili akainua kidole: “Huyu si yeye tena, mwanangu. Sikiliza anavyovuta pumzi kabla ya kibwagizo.” Nikarudisha nyuma, nikasikia: wawili wanapokezana. Jina la lebo nimeliacha lilivyo, na chini yake nimeandika sauti ya pili, kwa maelezo ya bibi, pamoja na tarehe.

Alinieleza pia fumbo la shairi lile lilimlenga nani. Hilo sikuliweka katika orodha ya wazi, kwani jamaa za aliyepigwa fumbo wapo mtaani. Limo katika faili la ndani lenye masharti. Vivyo hivyo nyimbo za unyago na jando: kwa sababu mtu fulani alizirekodi, haina maana kila mtu ana haki ya kuzisikia. Waulize wenyewe kabla ya kuzifungua, na jibu lao liandikwe.

Mwisho, usiache upande wowote nje ya orodha kwa kukosa jina. Andika “haijulikani”, kisha ala unazozisikia, urefu, matrisi kama inasomeka, na mstari wa kwanza wa shairi neno kwa neno, hata kama kuna neno usilolielewa. Wapenzi wa taarabu hutafuta wimbo kwa mstari wa kwanza. Kipande kimoja cha santuri iliyovunjika, lebo imebanduka, kilitambuliwa hivyo hivyo. Msomaji mmoja aliuona mstari katika orodha yetu, akakumbuka santuri nzima iliyokuwa nyumbani kwao Lamu, akapiga simu akatusomea matrisi tarakimu kwa tarakimu.