Kulala kando ya chemchemi na kupiga kafi: maswali yenu na majibu

Wadau wa Kusini habari zenu. Tangu niseme kwamba tulilala siku mbili na hema kando ya kijito kinachotoka kwenye chemchemi, kule chini ya uwanda wa Makonde, maswali yamekuja mengi. Nayajibu hapa moja moja, yaliyofanana nimeyaunganisha.

"Kaka, nimeona video za Florida kule Marekani, watu wanaelea mtoni juu ya mipira ya matairi, maji meupe mpaka unaona mchanga wa chini. Sisi ni vijana sita, tunataka kufanya hivyo Ruvuma. Unatushauri nini?" (Msomaji, Masasi)

Ndugu yangu, Ruvuma msifanye. Naanza na hilo kabisa ili hata ukiishia kusoma hapa uwe umelipata.

Ile mito ya Florida unayoiona, mfano Ichetucknee, inazaliwa na chemchemi, yaani chini kule kuna mwamba wa chokaa uliojaa matundu kama sponji, mvua ikinyesha inazama, inasafiri chini kwa chini halafu inaibuka sehemu moja ikiwa imeshachujwa, na joto lake ni kama nyuzi 22 mwaka mzima, iwe baridi iwe joto. Jimbo lile lina chemchemi zaidi ya 1,000, nguva wa kule hata hukimbilia humo bahari ikipoa. Na hata wao wana aligeta, ila aligeta si mkali kama mamba wetu. Mamba wa huku kwetu anamwinda binadamu, na mtu anayeelea kwenye tairi miguu inaning'inia ndani ya maji hana tofauti na chambo. Tena Ruvuma maji yake yamejaa mchanga, ukiingiza mkono mpaka kwenye kiwiko vidole huvioni, sasa mamba utamwonaje? Viboko nao wapo. Halafu ule ni mpaka wa nchi na Msumbiji, siyo sehemu ya kwenda vijana sita na hema bila kuripoti kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi.

Mnachoweza kufanya ni kutafuta vijito vidogo vya chemchemi ambavyo wenyeji wenyewe wanaoga. Ila mkifika msiulize "hapa kuna mamba?", maana mtu akitaka kukufurahisha mgeni atakwambia hakuna. Ulizeni akina mama wanaochota maji: mara ya mwisho mamba kaonekana lini, na watoto wenu wanaogea wapi? Wakikuonyesha sehemu moja wakakukataza nyingine hatua ishirini mbele, shika hiyo hiyo uliyoonyeshwa, usijifanye unajua. Na kumbuka masika mito ikijaa mamba anapanda hadi kwenye vijito na mabwawa ambayo kiangazi hayupo, kwahiyo jibu la mwezi wa tisa siyo jibu la mwezi wa pili.

"Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, Lindi mjini. Maji ya chemchemi tunaweza kunywa hivyo hivyo tukiwa kambini?" (Mama wa wawili)

Marahaba mama yangu, na asante kwa kuuliza maana hili wengi wanalipuuzia. Maji yakitoka ardhini huwa yamechujwa na mchanga au mwamba, ila hatua tano tu baada ya jicho la chemchemi ng'ombe keshakanyaga, mtu kafua, mtoto kajisaidia juu kidogo, basi usafi umeisha. Kinga kwenye jicho lenyewe kisha chemsha mpaka yatokote sawasawa, au tumia vidonge vya klorini vya dukani kama paketi inavyoelekeza. Kwa watoto mimi nachemsha tu, hata yaonekane safi namna gani.

Kuna njia moja ya kuijua chemchemi. Subiri mvua kubwa inyeshe, kesho yake nenda kaangalie. Kama maji bado ni maangavu vile vile na hayajaongezeka sana, hayo yanatoka mbali chini. Kama yamegeuka rangi ya chai ya maziwa ujue maji ya juu yanaingia moja kwa moja, hapo hata kuoga fikiria mara mbili. Na msishangae watoto wakisema maji ni ya moto asubuhi, maji ya chini hufuata wastani wa joto la sehemu husika, sasa asubuhi ya mwezi wa saba hewa imepoa kuliko maji, ndo maana unakuta ukungu umekaa juu ya kijito. Wangu waligoma kutoka mpaka uji ukapoa.

"Hema gani zuri na nitapata wapi?" (wengi)

Lenye chandarua, zipu inayofunga mpaka mwisho na turubai la kuweka chini, basi. Bei isikuumize kichwa, mbu ndo wakuumize kichwa, maana malaria kwetu haina likizo. Kama hema lako chandarua kimetoboka, funga chandarua cha kawaida ndani. Na ukitoka kule ndani ya wiki mbili tatu homa ikikupata nenda kapime, usimeze dawa kwa kubahatisha.

"Bibi yangu kasikia tunataka kupiga kambi kwenye chanzo cha maji akasema hairuhusiwi, pale pana wenyewe. Huu siyo ushirikina kweli?" (Dada, Newala)

Dada, hili swali nimelipenda kuliko yote na naomba nilijibu kwa kirefu.

Wewe umekulia Newala, unajua juu kule uwandani hakuna mto. Udongo ni mchanga, mvua inanyesha kubwa lakini inazama yote, inakuja kutokea chini kwenye miteremko. Bibi yako na wenzake walikuwa wanashuka bondeni alfajiri, wanapanda ule mlima na maji kichwani, kila siku ya Mungu, wakati mwingine kusubiri zamu jichoni kulikuwa kurefu kuliko safari yenyewe. Sasa jicho moja la maji lililokuwa linanywesha vijiji kadhaa, ungelilindaje bila mlinzi wala uzio? Ulikuwa unasema pana wenyewe. Watu hawakati mti, hawaoshei vyombo pale, hawajisaidii karibu, na mikuyu inakua mikubwa inatunza kivuli na unyevu. Mimi sioni kwanini niite hilo ujinga.

Na serikali nayo inasema karibu kitu hicho hicho kwa lugha yake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu za binadamu zikae mita 60 kutoka chanzo cha maji. Hema lako siyo la kudumu, sawa, ila mimi hizo mita 60 nazihesabu kama zangu. Hatua ndefu sabini hivi, hema huko, jiko huko, choo mbali zaidi na upande wa chini, siyo juu ya chemchemi. Sabuni usiingize kwenye kijito hata ile wanayosema ya asili, chota na ndoo kaogee pembeni ardhi inywe. Kule Ichetucknee hawaruhusu hata chupa ya plastiki ya kutupa kuingia nayo mtoni, na wao wana hela ya kuajiri watu wa kuokota, sembuse sisi.

Kwahiyo nenda na bibi, au mtume mzee anayejulikana pale akuombee ruhusa. Ukikuta unga umewekwa chini ya mti usiuguse, usipige picha, pita. Msitu ukiwa ni hifadhi, kama Rondo, kibali unachukua kwa watu wa misitu, hiyo ni juu ya ruhusa ya kijiji, siyo badala yake. Sisi tulipoenda tulibeba sukari na majani ya chai kwa wazee, tukakaa nao saa nzima kabla hata ya kushusha mzigo kwenye bodaboda, na jioni wakatuletea ming'oko ya kuchemsha bila sisi kuomba.

"Naogopa maji, sijui kuogelea vizuri ila natamani sana kupiga kafi. Nianze na mtumbwi au kayaki? Na mtumbwi ukipinduka?" (Kijana, Mtwara)

Anza na boya la kuvaa kwanza, halafu ndo tuzungumzie chombo. Boya lifungwe mikanda yote, siyo la kukalia.

Nikueleze kilichonitokea. Tulikuwa wawili kwenye mtumbwi wa mwembe, kijito chembamba, maji hayafiki kifuani, tunajiona tuko nyumbani. Kwenye kona kulikuwa na mti umeanguka umelala katikati ya maji, mwenzangu akasimama apige picha, mtumbwi ukageuka ubavu, maji yakatusukuma kwenye matawi. Maji yasiyofika hata kifuani dada na kaka zangu, ila yale matawi yanaacha maji yapite na wewe yanakuzuia, mguu wangu ulinasa na kichwa kilikuwa chini. Mwenzangu alikuwa na boya, mimi langu nililiweka nyuma ya mgongo kama mto. Alinivuta yeye. Mpaka leo nikiona mti umelala mtoni natoka ukingoni, nauburuza mtumbwi nchi kavu, napita, hata kama ni mara tano kwa safari moja.

Sasa mtumbwi na kayaki: mtumbwi wa kuchonga ni mzito na wa mviringo chini, unayumba, ila wenyeji wanao na wanajua kuufundisha. Kaa chini kabisa au piga magoti, usisimame, mzito zaidi akae nyuma ndo ashike usukani, mzigo katikati umefungwa. Kayaki ya plastiki iliyo wazi juu ni rahisi zaidi kwa anayeanza maana haijai maji. Ukipinduka, shika chombo, kaa upande wa juu mkondo unakotokea ili kisikubane, lala chali, miguu mbele juu ya maji. Usijaribu kusimama kwenye mkondo, mguu utanasa kwenye mawe.

Na kitu kidogo kinachookoa siku: anza kupiga kafi kupanda juu kwenye chemchemi ukiwa na nguvu, ukichoka mkondo unakurudisha mwenyewe. Watu wanafanya kinyume, wanateremka wakicheka, jua la saa nane linawakuta wanapambana na mkondo, njaa juu. Uraka, ile pombe ya mabibo, uache nchi kavu, huo hauhitaji maelezo.

"Kichocho je? Nasikia ukijifuta haraka na taulo hakikupati." (Mwalimu, Nachingwea)

Mwalimu, taulo usilitegemee. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono, vinapenya ngozi, na konokono wenyewe wanapenda maji yaliyotulia yenye magugu, siyo pale jichoni maji yanapobubujika kwa kasi. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kwahiyo saa sita mchana kwenye dimbwi lenye majani ndo wakati mbaya na sehemu mbaya kuliko zote. Kama wanafunzi wako wameoga sehemu usiyoiamini, wapeleke wakapime wiki sita mpaka nane baadae, mapema sana kipimo kinaweza kisione kitu, na dawa yake ipo, prazikwanteli. Usisubiri mpaka mtoto akojoe damu.

"Mwezi gani mzuri?" (wengi)

Wa sita mpaka wa kumi. Mvua zimekata, njia zinapitika, vijito vya chemchemi bado vinatiririka. Ila majani yamekauka, moto wako ukiponyoka unaingia kwenye mikorosho ya mtu, na mkorosho ni ada ya shule ya watoto wake. Tumia jiko la gesi dogo. Na usilale kwenye mchanga mkavu wa mto hata kama ni laini, mvua ikinyesha juu huko usikoiona maji yanakuja usiku.

"Sisi tuko Lindi mjini, chemchemi mbali. Tulijaribu kuingia na mtumbwi mdomoni mwa Lukuledi kwenye mikoko tukakwama kwenye tope masaa manne. Tulikosea wapi?" (Vijana wa Lindi)

Hamkuangalia maji. Ghuba ya Lindi siyo mto tu, ni bahari inayoingia na kutoka, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwahiyo mkono wa mkoko uliokuwa na kina cha kutosha saa tatu asubuhi, mchana unakuta ni tope na kaa tu. Ingieni maji yakiwa yanajaa, geuzeni kabla hayajaanza kutoka, na kwa mara za kwanza chagueni siku za maji mafu, yaani yasiyopanda wala kushuka sana. Wavuvi wanaovuka kwenda Kitunda watawapa saa kamili bila kuangalia simu. Na mkikwama tena, msishuke kutembea kwenye tope, linameza mpaka mapajani, kaeni ndani ya mtumbwi na maji ya kunywa na kofia, subirini maji yarudi.

Yule mama wa wawili ameuliza tena kama tutarudi kule kijitoni. Ndiyo mama, wiki ya pili ya mwezi wa nane, hema zipo nne, maboya ya watoto yapo mawili tu kwa sasa, kwahiyo niambie umri na uzito wa watoto mapema nitafute yanayowatosha.